Karatasi za Kabambare

Nchi ya kusini mwa Maniema, ambamo mna Wamaza, Kasongo na Kabambare, tangu zamani ni nchi ya njia. Kabla ya barabara za magari palikuwa na njia za miguu, zilizotoka upande wa Ziwa Tanganyika, zikapanda vilima, zikapenya misitu, zikashuka mpaka mto Lualaba. Kwa njia hizo zilipita pembe za ndovu na shanga, chumvi na shaba, wakapita pia watu waliofungwa shingo kwa shingo. Lugha ya Kiswahili nayo iliingia kwa njia hizo hizo, ikapata makao, na hata leo yasikika sokoni, shuleni na kanisani, kwa namna ya Maniema yenyewe.

Mgeni apitaye huko siku hizi huona barabara ya udongo mwekundu, na vijana wasukumao baiskeli zenye mizigo mizito kuliko wao wenyewe. Mvua inyeshapo gari hukwama, na baiskeli hupita. Ni wachache wajuao kwamba katika nchi hii ziliandikwa karatasi kadhaa, chafu na chakavu, ambazo leo zatunzwa Ulaya kama mali ya thamani kubwa. Wasomaji wapenzi, habari ya karatasi hizo ndiyo twataka kuisimulia: ni nani aliyeziandika, kwa wino gani, zasema nini, na kwa nini zatuhusu sisi.

Mgonjwa wa Kabambare

Tarehe 21 Septemba 1869 aliwasili Kabambare Mzungu mmoja wa miaka 56, amechoka sana kwa safari. Jina lake David Livingstone. Alizaliwa mwaka 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Uskoti, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu utoto, kisha akasomea uganga na kuwa mjumbe wa dini kwa Waprotestanti. Wakati ule alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nili. Alidhani Lualaba ndio Nili wenyewe, naye alitaka kuufuata mpaka ajue ukweli. Alikosea: mwaka 1877 Henry Stanley aliufuata mto huo mpaka baharini, ikajulikana kwa wote kuwa Lualaba ndio mto Kongo.

Kijiji chenyewe Livingstone alikiandika kwa tahajia yake, «Bambarre». Alikuta mtawala mkubwa, aliyemwita Moenekuss, amekwisha kufa karibuni, na wanawe wawili wameshika mahali pake. Alikuja pamoja na wafanya biashara wa pembe kutoka pwani. Hapa pana jambo la kutia huzuni: biashara ya watumwa aliichukia kwa moyo wote, lakini chakula, dawa na ulinzi wa njiani alivipata mara nyingi kwa watu wale wale walioifanya.

Alijaribu kwenda Lualaba, akashindwa kwa mvua, matope na magonjwa. Mwezi Juni 1870 watu wake wengi walimwacha, wakabaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Tarehe 22 Julai alirudi Kabambare akichechemea, miguu imejaa madonda yaliyokula nyama. Akakaa hapo karibu miezi saba. Dawa iliyomfaa ilikuwa ni jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. Lilisuguliwa juu ya jiwe jingine pamoja na maji, kisha maji yale yakapakwa kidondani kwa unyoya. Vitabu vyake vilikuwa vichache, akasoma Biblia. Katika nchi ya Manyema aliisoma yote, toka mwanzo hata mwisho, mara nne.

Jambo lililomwumiza kupita madonda lilikuwa ni kukosa barua. Tarehe 4 Februari 1871 walifika Kabambare watu kumi waliotumwa kutoka pwani na Balozi wa Uingereza wa Unguja. Miongoni mwa barua zote alizozitazamia, ilimfikia moja tu. Zilizopotea alizihesabu kuwa 40. Kila mtu aliyepata kukaa mbali na kwao, akingoja barua ya nyumbani, aweza kuelewa uchungu wa hesabu ile.

Siku iliyofuata, tarehe 5 Februari, alimwandikia rafiki yake Horace Waller wa Uingereza. Katika barua hiyo alilalamika juu ya watu aliopelekewa. Kisha akaeleza lile ambalo hakutaka ulimwengu ulijue: ya kuwa mwili wake umedhoofika mno, ya kuwa amezeeka na meno yamemtoka, na kwamba ana shaka kama wataonana tena. Akamwomba Waller habari hizo azisome yeye peke yake. Barua hiyo ilitoka Kabambare, ikafika Uingereza, lakini kwa muda wa miaka mingi maneno yake yalififia hata hayakusomeka vema. Yalisomwa upya mwaka 2010.

Wino wa zingefuri

Yalififia kwa sababu Livingstone alikuwa ameishiwa na vyote viwili, karatasi na wino. Msafiri aandikaye kila siku kwa miaka mitano hawezi kuomba wino msituni. Ikambidi atumie vilivyokuwapo.

Kwa karatasi, alichukua gazeti la London liitwalo The Standard, toleo la tarehe 24 Novemba 1869, lililokuwa limemfikia huku Manyema. Alilikata kurasa, akaligeuza upande, akaandika mistari yake kukingama juu ya ile iliyopigwa chapa. Hivyo habari za biashara na siasa za Ulaya zalala chini, na habari za Lualaba zapita juu yake.

Kwa wino, alitumia rangi ya wenyeji ya kutia nguo. Jina lake aliliandika «zingifure». Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa, kwa maana ni zingefuri yetu, ile rangi nyekundu inayotolewa katika mbegu. Neno hilo lilikuja na watu wa pwani, nayo rangi ikapatikana papo hapo Manyema. Basi kurasa hizi, ambazo wataalamu wa Ulaya huzishika kwa uangalifu mkubwa, zimeandikwa kwa rangi ya nchi yetu.

Rangi ya nguo si wino. Hufifia juani, hufifia kwa unyevu, na juu ya gazeti lenye herufi nyeusi haionekani ila kwa shida. Kwa muda wa miaka 140 kurasa zile zilikaa Uskoti, na sehemu kubwa yake hakuna aliyeweza kuisoma.

Mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza na Marekani, wakiongozwa na mwalimu Adrian Wisnicki, walianza kuzipiga picha kwa ufundi mpya. Ukurasa mmoja hupigwa picha mara nyingi, kila mara kwa mwanga wa rangi nyingine, hata mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Wino wa zingefuri huuitikia mwanga kwa namna yake, na wino wa mchapaji kwa namna nyingine. Kompyuta hulinganisha picha hizo, ikayafanya maandishi ya gazeti yapauke na maandishi ya mkono yakolee. Mwezi Novemba 1911 ungekuwa uchawi. Mwezi Novemba 2011 shajara nzima ilitolewa hadharani kwenye intaneti, ili asomaye Kiingereza aisome popote alipo. Shajara hiyo yaanza tarehe 23 Machi 1871 na kuishia tarehe 11 Agosti. Ndani ya siku hizo imo siku moja ambayo Maniema haipaswi kuisahau.

Soko la Nyangwe

Livingstone aliondoka Kabambare tarehe 16 Februari 1871, akafika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mwishoni mwa Machi. Nyangwe i kaskazini mwa Kasongo. Palikuwa na soko kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake, waliotoka pande zote mbili za mto na mizigo ya samaki, mihogo, kuku, vyungu na chumvi. Livingstone alipenda kutembea sokoni humo. Aliwatazama akina mama wakibishana bei kwa sauti kuu, wakicheka, wakirudi makwao jioni. Ilikuwa desturi ya nchi kwamba mwanamke aendaye sokoni asidhuriwe, hata vijiji vikiwa katika vita.

Jumamosi tarehe 15 Julai 1871 walikusanyika watu kama 1,500. Kulikuwa na joto. Livingstone aliona watu watatu wa msafara wa Dugumbe, mfanya biashara mkubwa wa pwani, wakizunguka sokoni na bunduki mikononi. Akastaajabu, kwa maana bunduki haikuwa kitu cha sokoni. Mmoja wao alibishana na muuzaji juu ya bei ya kuku, akamkamata kuku yule kwa nguvu. Mara bunduki zikalia katikati ya watu.

Wakatupa vyote, wakakimbilia mtoni. Mitumbwi ilikuwa imesongamana katika kihori, haikuweza kutoka kwa haraka. Na wengine wenye bunduki, waliosimama karibu na maji, waliwapiga risasi waliokuwa wakisukumana kuingia. Wengi walijitupa mtoni wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali. Mkondo ukawachukua, vichwa vikaonekana juu ya maji kwa mstari mrefu, vikapungua kimoja kimoja. Wafanya biashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya pili vijiji viliendelea kuchomwa moto na watu wa Tagamoio, mmoja wa viongozi wa msafara.

Livingstone aandika kwamba Dugumbe aliwatia watu wake katika mtumbwi uliobaki wazi, wakaokoa watu 21. Mwanamke mmoja alikataa kuokolewa. Alipoona mikono ya wenye mtumbwi inamnyoshea, alifikiri kwamba wataka kumfanya mtumwa, akachagua kuogelea. Kama alifika ukingoni au hakufika, hatuambiwi. Jina lake halikuandikwa. Wala halikuandikwa jina la mwanamke mwingine hata mmoja katika wale waliozama siku ile.

Siku tano baadaye Livingstone aliondoka Nyangwe, hana nguvu tena ya kuendelea na safari ya mto. Alirudi Ujiji mwezi Oktoba 1871, na huko ndiko Stanley alikomkuta. Habari ya Nyangwe ilipofika London ilitia watu hasira, ikaongeza nguvu kwa waliokuwa wakiitaka serikali ya Uingereza iizuie biashara ya watumwa ya pwani. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Vilio vya wanawake wa Lualaba vilisikika mbali, na karatasi ndizo zilizovifikisha.

Habari moja, maandiko matatu

Sasa twafika penye fundisho gumu. Habari hii ya Nyangwe iko katika maandiko matatu. La kwanza ni ile shajara ya zingefuri, iliyoandikwa papo hapo, mkono ukitetemeka. La pili ni daftari kubwa, ambalo Livingstone alilinakili baadaye kutoka shajara zake, akalitia muhuri, akamkabidhi Stanley alipokwenda zake Machi 1872. La tatu ni kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, naye aliyekitengeneza ni yule yule Horace Waller.

Kwa muda mrefu watu walisoma la tatu peke yake. Shajara ilipoanza kusomeka, walioyalinganisha waliona tofauti. Katika shajara, maovu ya watu wa msafara wake mwenyewe, wale aliopelekewa Kabambare, yameandikwa wazi zaidi. Katika daftari yamepunguzwa. Wataalamu wamejiuliza kama watu hao nao walishiriki kwa namna fulani katika dhuluma ya Nyangwe, na kama mzee aliona haya kuyaacha maneno hayo yasomwe na wote.

Hatusemi haya ili kumshusha marehemu. Bila yeye tusingekuwa na shahidi aliyeandika siku ile ile. Wala si ajabu mwandishi kusahihisha maneno yake. Ndiyo maana nchi zenye kuheshimu waandishi wao hutafuta hata rasimu zao. Nchi ya Ireland, kwa mfano, mwaka 2002 ilinunua kwa fedha nyingi karatasi za mtunzi wa riwaya James Joyce, ikaziweka katika Maktaba ya Taifa mjini Dublin, ili watu waone alivyofuta na kuongeza. Katika riwaya, kufuta ni kazi ya ufundi. Katika ushuhuda wa vifo vya watu, kufuta ni jambo zito, kwa sababu kila neno linaloondolewa laweza kuwa haki ya mtu asiyeweza kusema tena. Zingefuri iliyofifia ilishika ukweli ambao wino mzuri wa baadaye haukuushika wote.

Waliozibeba

Tena tusisahau ni nani waliozifikisha karatasi hizi. Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, wale wale waliokaa naye Kabambare, hawakuzitupa karatasi zake wala mwili wake. Waliukausha mwili juani, wakauzika moyo chini ya mti, wakaanza safari ya miezi mingi kwenda pwani pamoja na wenzao. Kijana mmoja aliyesomea India, Jacob Wainwright, aliandika orodha ya vitu vya marehemu, akaweka pia shajara yake mwenyewe. Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakapokewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili mwaka ule. Sanduku la karatasi lilibebwa kwa vichwa vya Waafrika, njia nzima, kwa hiari yao.

Karatasi zetu

Huenda msomaji akauliza: je, hatuna maandishi yetu wenyewe? Yapo. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyekuwa na makao makubwa Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Wafanya biashara wa Kasongo na Nyangwe waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu. Jeshi la Dola Huru ya Kongo lilipouteka mji wa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, enzi yao ilikwisha, na barua kadhaa za watu wa jamii yao zimehifadhiwa hata leo katika nyaraka za Ubelgiji.

Lakini tukitazama vema, hizo ni karatasi za wenye misafara. Za mkulima, za muuza samaki, za mwanamke wa soko la Nyangwe, hazipo, kwa sababu hawakujua kuandika na hakuna aliyewauliza. Kwao tuna masimulizi ya wazee peke yake, nayo hupungua kila mwaka matanga yanapowekwa.

Tumeona wenyewe, katika nyumba nyingi za nchi zetu, jinsi karatasi zinavyokufa. Barua ya baba aliyefanya kazi mbali hufungiwa chumvi. Daftari la babu huliwa na mchwa. Cheti cha ubatizo chalowa chini ya nyasi zinazovuja. Vita navyo, ambavyo Maniema na Kongo ya mashariki zimevijua mara nyingi tangu mwaka 1996, huwafanya watu wakimbie na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Ni nani atakayekumbuka daftari?

Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, twatoa shauri dogo. Nunueni daftari moja la nyumba. Andikeni majina ya babu na bibi, vijiji walikozaliwa, miaka waliyohama na sababu za kuhama. Mwulizeni mzee aliye hai, mwandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba, hata yale yanayoaibisha ukoo. Maana tumeona jinsi andiko la kwanza lilivyo la thamani. Liwekeni daftari katika sanduku la bati, mbali na ukuta wa udongo. Na mwenye simu ya kupiga picha azipige picha kurasa zake, akampe ndugu aliye mjini nakala, ili mahali pamoja pakiungua, pengine pabaki.

Livingstone, mgonjwa, mbali na kwao, hana wino, aliona bora kuandika kwa rangi ya nguo juu ya gazeti kuukuu kuliko kunyamaza. Sisi kalamu zauzwa katika kila duka la Wamaza. Katika vijiji vya kando ya Lualaba huenda yungali mzee mmoja ambaye bibi wa bibi yake alikwenda soko la Nyangwe asirudi, naye bado alijua jina lake. Aulizwe mwaka huu.